Uzi Usiovuka Mekong

Ukisimama Mukdahan kwenye ngazi za ukingoni, pale wachoma samaki wanapopanga majiko yao, unauona mji wangu wote. Savannakhet uko mbele yako kama mtu aliyekaa upande wa pili wa meza. Unaona paa la hekalu la ukingoni, unaona mlingoti wa forodha, na siku isiyo na vumbi unaona hata nguo zilizoanikwa, ingawa huwezi kujua ni za nani. Mto hapo una upana wa zaidi ya kilomita moja. Kiangazi unapungua, mchanga unatokeza katikati, na mgeni anaweza kudhani kwamba mtu akikazana atavuka kwa miguu. Hawezi. Wengine walijaribu, na majina yao tunayajua.

Upande wa Mukdahan ni Thailand, upande wetu ni Laos. Lakini lafudhi yetu ni ileile, maneno ni yaleyale, wali wa kunata ni uleule, na papai bichi tunalitwanga kwenye vinu vinavyofanana. Husimuliwa kwamba Mukdahan yenyewe ilianzishwa na watu wa kwetu. Mtoto wa chifu alivuka kutafuta ardhi, akakuta hekalu lililoachwa msituni, akaona mahali pazuri, akahamia na watu wake. Dada yangu alipotaka kuwachokoza watu wa Mukdahan aliwaambia, "Nyie ni mtoto wetu aliyetoroka nyumbani." Nao walimjibu, "Tumetoroka tukatajirika, bibi. Nyie mmebaki mmelala." Na kweli Savannakhet unalala sana mchana. Wafaransa waliacha nyumba zao za rangi ya manjano na ile tabia ya kufunga madirisha baada ya chakula.

Wafaransa hao ndio walioandikiana na mfalme wa Siam, Thailand ya leo, mwaka 1893 kwamba huku kwangu, kule kwako. Babu mzaa baba alikuwa kijana bado. Alikuwa na shamba la tumbaku ng'ambo na mke huku. Hakuna aliyemuuliza. Akaendelea kuvuka na mtumbwi wake kwenda kumwagilia, mpaka siku alipokutana na mtu mwenye kofia akimtaka karatasi. Baba alikuwa akicheka akisimulia, lakini shamba hatukulipata tena.

Nayasema haya kwa sababu maisha yangu yote yameingia kwenye maji haya. Jina langu ni Phui, lakini kila mtu ananiita Siang, ambalo kwetu ni jina la mtu aliyewahi kuvaa joho la utawa utotoni akalivua. Nilivaa nikiwa na miaka kumi na miwili, nikavua nikiwa na kumi na minne, nikatoroka na wapasua mbao. Shule ya Wafaransa nilikaa mwaka mmoja na miezi kadhaa. Baadaye nimefanya kazi kwenye magogo, kwenye maghala ya barafu ya samaki huko Rayong, pwani ya Thailand, kwenye lori, kwenye kiwanda cha mashati ambako nilikuwa mwanamume peke yangu kwenye safu ya vifungo. Nikiwa na miaka arobaini nilivaa joho tena, nikakaa miezi miwili, nikavua masika hayajaisha. Miguu yangu haitulii. Hilo si sifa, ni ugonjwa.

Mwaka 1976, serikali ilipokuwa imebadilika kwetu na watu wakivuka kimyakimya, nami nilivuka kwa kushikilia mgomba uliokatwa. Mwaka uliofuata mama yetu akafa Savannakhet. Nilikuwa kambi ya wakimbizi ya Ubon, Thailand. Habari zilinifikia baada ya mwezi.

Sasa lazima nieleze jambo moja. Kwetu maiti anapopelekwa kwenye moto, mwanamume wa damu yake hunyolewa kichwa na kuvaa joho la utawa kwa siku ileile tu. Hutangulia mbele ya jeneza akishika uzi mweupe wa pamba uliofungwa kwenye jeneza. Anamwonyesha marehemu njia. Moto ukishashika vizuri, analivua joho jioni hiyohiyo, kazi imekwisha. Mama alikwenda bila mtu wa kumshikia uzi. Dada yangu Bualai, aliyenizidi miaka minane na kunibeba mgongoni utotoni, hakuwahi kulisahau hilo. Mume wake alikufa zamani. Alikuwa na binti mmoja tu, Sengdao, na Sengdao ana mabinti wawili. Mwanamume wa damu ile nilikuwa mimi peke yangu.

Niliporudi kuishi kwake, mzee tayari, alinifanya niape kwamba yeye nitamshikia uzi. Niliapa mbele ya sanamu ya hekaluni, nikiwa nimepiga magoti na magoti yakinilia.

Mwezi Machi 2020 aliniita jikoni.

"Siang, nenda ng'ambo kaninunulie vitu vyangu vya kwenda navyo."

"Unakwenda wapi?"

"Usijifanye mjinga. Hukusoma sana, lakini hilo unalijua."

"Hapa Savannakhet hakuna maduka?"

"Pamba ya hapa inakatika. Nataka uzi mzito wa Mukdahan, mpira mzima. Na mishumaa ya nta. Na joho lako, usichukue refu, umeshapungua, utalikanyaga uanguke mbele ya watu wangu."

"Dada, wewe utanizika mimi."

"Mama alikwenda bila mtu. Mimi sitaki kwenda kama mbuzi aliyekata kamba. Leo uende, kesho urudi."

"Kesho nitarudi."

"Kesho ya watu au kesho ya Siang?"

Sengdao alicheka mpaka akaacha kupepeta mchele.

Nilivuka kwa feri na kibali cha ukingoni, kile cha siku tatu. Vitu nilinunua saa ileile ya kwanza: uzi, mishumaa, joho fupi la rangi ya zafarani kwenye mfuko wa nailoni. Ningeweza kurudi na feri ya saa tisa. Lakini nilipita kwa Bunlue.

Bunlue alikuwa nahodha wa feri hiyohiyo miaka thelathini, mpaka daraja lilipojengwa na wasafiri wakapungua. Ni mtu wa Mukdahan, mnene, mwenye maneno. Alikuwa na kibanda cha uvuvi kwenye kisiwa cha mchanga juu ya mto, na pombe ya mchele. Nikasema siku moja. Ikawa nne. Kisiwani simu hazikushika. Siku ya nne tulipoteremka tukakuta feri imefungwa gatini kwa minyororo na karatasi imebandikwa: kwa sababu ya maradhi, mpaka umefungwa mpaka itakapotangazwa tena. Watu walikuwa wamepewa siku mbili za kurudi kwao. Siku hizo mbili nilikuwa nikila kambale wa kuchoma.

Niliishi kwa Bunlue miezi kumi na moja na ule mfuko wa nailoni.

Msinione kama mtu aliyefungiwa bila mlango. Yalikuwepo mabasi, mara mojamoja, ya kuwarudisha watu wetu kupitia darajani, na wakifika wanawekwa siku kumi na nne peke yao. Lakini kibali changu kilikuwa kimeisha muda, niliogopa kujitokeza, niliogopa kupigwa marufuku kuvuka tena. Kila mwezi walisema mwezi ujao watafungua. Nami ni mtu wa mwezi ujao.

Dada na mimi tulipatana kwamba kila Jumapili saa mbili asubuhi ateremke kwenye ngazi za upande wake na taulo jekundu, nami nisimame kwenye ngazi za upande wangu na mfuko. Tunapungiana, kisha tunapigiana simu.

"Umeniona?" aliniuliza.

"Nimekuona."

"Mimi pia nimekuona. Umenenepa."

Macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho yote mawili. Jumapili moja nilikuwa na homa, sikutoka. Akapiga simu.

"Leo umepunga vizuri, kwa nguvu."

"Dada, leo sikuja. Nina homa, nimelala."

"Basi nilimpungia nani?"

"Labda mchoma samaki anapepea moto."

"Kumbe ana adabu kuliko wewe. Alinijibu." Tulicheka wote wawili. Bunlue alikuja kuona kama homa imenipanda kichwani.

Mwezi wa pili mwaka uliofuata, Jumanne alfajiri, simu ililia.

"Mjomba," Sengdao alisema. "Mama ametutoka."

Nilimuuliza kama aliumwa. Alisema hapana, alikunywa maji, akamuuliza leo ni siku gani, akaambiwa Jumanne, akasema basi bado, akalala.

"Atachomwa lini?"

"Watawa wamesema Alhamisi, saa nane mchana. Mjomba, utafanyaje?"

Nikavaa shati la Bunlue lenye kola, nikaenda ofisi ya uhamiaji. Kijana aliyekuwa dirishani alikuwa na barakoa mbili, moja juu ya nyingine, na adabu nyingi.

"Babu, kibali chako kilikwisha miezi kumi na moja iliyopita. Kisheria wewe hupo hapa."

"Vizuri, kama sipo, nifukuzeni. Nifukuzeni leo."

"Tungependa sana, babu. Lango limefungwa."

"Dada yangu anachomwa keshokutwa. Ni pale. Paa lile pale, unaliona?"

Aligeuka kweli akatazama dirishani. "Naliona. Basi la watu wenu ni tarehe ishirini na tano. Ukifika kuna siku kumi na nne za kukaa peke yako. Pole sana, babu."

Hakunikamata. Aliandika jina langu kwenye orodha ya basi, akanipa chupa ya maji. Heri angenitukana.

Bunlue alikuwa akinisubiri nje juu ya pikipiki.

"Wamekataa?"

"Wamenipa maji."

"Panda." Alinipeleka mpaka kwenye boti yake iliyofunikwa turubai. "Injini ninayo, mafuta ninayo. Kesho asubuhi kuna ukungu. Nimevuka mto huu mara nyingi kuliko nilivyokwenda chooni. Dakika kumi na mbili nakushusha chini ya hekalu."

"Na doria?"

"Doria inakunywa kahawa wakati wa ukungu. Wakituona, watatupigia kelele kwanza."

Nilimtazama, mwanamume wa miaka sabini na moja na tumbo lake, akisubiri nimwambie twende. Nikampigia Sengdao nimweleze. Nilidhani atafurahi.

"Hapana! Mjomba, hapana, nakuomba kwa magoti." Nikasikia anatoka nje ili watu wasisikie. "Wiki iliyopita mtu mmoja alivuka hivyohivyo kuja kumwona mke wake. Wamefunga kijiji kizima. Hakuna kuingia, hakuna kutoka. Ukija wewe, atakayekuona atasema. Watafunga hekalu. Watawa watawekwa ndani, sisi tutawekwa ndani, na Mama atachukuliwa na watu wenye nguo za plastiki, wamchome bila hata mtu wa kumwita jina. Ndivyo unavyotaka?"

"Sitaki hivyo."

"Basi usije. Mjomba, fanya huko huko. Vaa huko huko. Nami nitafunga uzi kwenye simu, wewe uwe ndani ya simu, mzee Thongsai, jirani yetu, ataibeba simu mbele ya jeneza kwenye sinia. Watawa nimewauliza. Wamesema hawajawahi kusikia, lakini hawakukataa."

Bunlue alirudisha turubai lake polepole. "Ndani ya simu," alisema. "Basi kanyolewe, watakuona vizuri."

Mtawa mkuu wa hekalu dogo la nyuma ya soko alikuwa mdogo kwangu kwa miaka ishirini, lakini mbele yake nilipiga magoti kama inavyotakiwa.

"Mheshimiwa, nataka kuvaa joho kwa ajili ya moto wa dada yangu."

"Umewahi kuvaa?"

"Mara mbili."

"Na ukavua mara mbili." Alinitazama. "Unajua watu wanamwitaje anayevaa mara tatu?"

"Mtu wa mahekalu matatu." Ndivyo wanavyosema pande zote mbili za mto. Maana yake ni mtu asiyefaa kupewa siri, wala binti, wala mbuzi wa kuchunga.

"Nitakuvisha, kwa sababu ya dada yako. Lakini sikiliza vizuri, mzee. Hii ni ya tatu. Ukilivua, usije kwangu tena kuomba la nne, wala usiende kwa mwingine. Hakuna atakayekuvisha. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mheshimiwa."

"Kaa nalo basi mpaka uwe na hakika."

Alhamisi asubuhi nilinyolewa kichwa na nyusi. Nikavaa lile joho fupi. Lilinienea, Dada alikuwa amenipima kwa macho yake mabovu na hakukosea. Kabla ya saa sita nilikula wali kidogo, kwa sababu aliyevaa joho hali kitu baada ya adhuhuri. Kisha mimi, mtawa mkuu na Bunlue tulishuka kwenye ngazi za ukingoni. Wachoma samaki walisogeza majiko yao kutupa nafasi. Mmoja wao, mama mmoja, alizima redio.

Saa saba na nusu Sengdao alipiga simu ya video. Niliona paa la nyumba yetu, kisha miguu ya watu, kisha uso wa mzee Thongsai karibu sana, matundu ya pua yote mawili.

"Siang, unanisikia?"

"Nakusikia."

"Huna nyusi! Unafanana na yai."

"Tembea, Thongsai. Usiniangushe."

Walikuwa wamefunga uzi kuizunguka simu mara tatu, na ncha yake ya pili kwenye jeneza. Mimi nilikuwa na mpira wangu wa uzi mzito wa Mukdahan, nikaushika mikononi mbele ya kifua. Tukaanza kwenda. Wao walitembea barabara ya nyumba za manjano, mimi nilitembea palepale ngazini, hatua mbili mbele na mbili nyuma. Niliona anga ya Savannakhet ikitikisika, nikaona waya za umeme, nikaona kona ya duka la Mvietnamu, nikajua tuko wapi. Nilikuwa nikimwambia Dada kimoyomoyo, hapa kata kushoto, hapa kuna shimo. Kwa muda ule nilikuwa nimemshika.

Halafu walipokaribia mto picha ikaganda. Simu za ukingoni hazijui mpaka. Ukikaribia maji zinanasa mnara wa ng'ambo na kuachia ule wa kwenu. Nikapiga, haikupokelewa. Nikapiga tena. Sauti ya mwanamke ikaniambia kwa Kithai, kwa upole, kwamba namba ninayopiga haipatikani.

"Watafika, hekalu si liko pale?" Bunlue alisema. "Tutaona moshi."

Kwetu bado wanachoma kwa kuni, uwanjani. Mukdahan wana bomba la matofali na mafuta ya dizeli. Kwa hiyo tulijua tutaona. Tukakaa kutazama paa. Saa nane ikafika. Jua lilikuwa kali na mto ulikuwa kama bati. Njaa ilinishika, na kichwa kilichonyolewa kiliniuma kwa jua. Mtawa mkuu alitazama saa yake. Alikuwa anakwenda kijiji cha mbali kwenye msiba mwingine, gari lilikuwa likimngoja, na asingerudi kwa siku tatu.

Saa nane na robo moshi ukapanda nyuma ya paa.

"Ule pale!" nilisema.

Ulipanda mnene, ukajikunja, ukaegemea kusini. Nilipiga magoti. Mtawa mkuu akaanza kusoma, nami nikamimina maji kutoka kwenye chupa ndogo kwenda kwenye bakuli, polepole bila kukatisha, kama tunavyofanya ili thawabu imfuate marehemu. Nililitaja jina lake kamili. Nikamtaja na mama, nikamwomba msamaha. Mama mchoma samaki alikuwa analia nyuma yangu, na hakumjua hata mmoja wao.

Maji yalipokwisha niliweka bakuli chini. Dereva akapiga honi barabarani.

"Mzee," mtawa mkuu alisema, "mimi naondoka. Unaweza kubaki na joho mpaka nirudi, au nikuvue sasa. Nikirudi ni Jumapili. Lakini utafunga chakula kila mchana, na mimi nakuona usoni una njaa."

"Moto umeshika, Mheshimiwa."

"Una hakika?"

Nawaambia ukweli kama ulivyokuwa. Nilikuwa na njaa. Magoti yaliniuma. Nilitaka yaishe. Miguu ile ile iliyonitoa hekaluni nikiwa na miaka kumi na minne ilikuwa imeshaanza kuwasha. Nikasema, "Si moshi ule?"

"Naam, naona moshi," alisema.

Akasoma maneno ya kunitoa utawani, mafupi. Nikatoka kwenye joho palepale nyuma ya pazia la mchoma samaki, nikavaa kaptula ya Bunlue na fulana yake ya tangazo la mbolea. Mtawa mkuu akaniwekea mkono hewani kama baraka, akapanda gari, wakaondoka.

Bunlue alikuwa amesimama muda wote huo ngazi ya chini kabisa, mkono juu ya macho, kama alivyozoea kutazama mawe ya mto alipokuwa nahodha.

"Siang," alisema. "Ule moshi ni mweusi."

"Moshi wa mtu mzima lazima uwe mweusi."

"Kuni hutoa mweupe kwanza. Na tazama unakotoka. Hautoki nyuma ya paa. Unatoka mbali nyuma ya mji, unaonekana tu kama uko pale. Ni miwa, Siang. Wanachoma mashamba ya miwa."

Nilitazama. Kipande cheusi cha jani la muwa lililoungua kilikuwa kinashuka taratibu, kikaja kutua juu ya maji, karibu na ngazi. Kila kiangazi vipande hivyo huanguka juu ya miji yote miwili. Nimevifagia uani kwa Dada miaka mingi. Hakuna mtu wa Savannakhet asiyevijua.

Nilikimbia hadi barabarani kwa miguu mitupu. Gari lilikwisha potea.

"Kuna mahekalu mengine," Bunlue alisema aliponifikia, akihema. "Twende la kusini."

"Hakuna la nne."

"Tutawadanganya. Tuseme ni la kwanza."

"Bunlue, kila mtawa wa mji huu ameniona nikipunga mfuko miezi kumi na moja. Kila mmoja anajua mimi ni Siang."

Tukarudi tukakaa. Mama mchoma samaki aliniletea bakuli la uji mzito wa tambi na kuku, maana hakujua nimefanya nini, alijua tu kwamba mtu amemaliza kazi ya msiba na hajala. Alisimama akinisubiri nile. Nikala, ili asinione mkosefu wa shukrani. Ilikuwa tamu, na hilo nalo linaniuma mpaka leo.

Saa kumi na nusu simu ililia. Sauti tu, picha hakuna.

"Mjomba! Mjomba unanisikia? Nimepanda juu ya ukuta ndio nimepata mtandao. Viongozi wa mtaa walikuja kutuhesabu, wakasema msizidi hamsini, wakatusimamisha getini kwa saa mbili nzima mpaka wengine wakaenda makwao. Ndio tumeingia sasa. Wanaweka mishumaa. Umengoja jua lote hilo, Mjomba wangu?"

"Nimengoja."

"Uzi unao?"

"Ninao hapa mkononi."

"Na joho umevaa?"

Bunlue aliinamisha kichwa, akatazama bakuli tupu lililokuwa miguuni kwangu.

"Nimevaa," nikasema.

Nikamsikia akigeuka na kupaza sauti kwa wale waliokuwa chini, na kwa yule aliyekuwa amelala juu ya kuni: "Mama! Siang amevaa! Siang amekushika, nenda, usiogope!" Kisha mtandao ukakatika.

Moshi ulipanda. Ulikuwa mweupe kama Bunlue alivyosema, mwembamba, na ulitoka palepale nyuma ya paa. Nilishuka ngazi mpaka maji yakanifika magotini, nikiwa na fulana ya mbolea na kichwa bila nywele. Nikafungua mpira wa uzi, nikashika ncha moja kwa mikono miwili, ile nyingine nikaiachia mtoni iende na maji. Ulikuwa uzi mzito, mzuri, kama alivyoutaka. Haukukatika, maana upande wa pili hakukuwa na kitu cha kuuvuta.